Ufa wa Mnara wa Mwambale

"Mnara una wenyewe, ufa hauna." Ndivyo alivyowaambia Mzee Faki wa dukani, sivyo? Nanyi mkaja mbio kuniuliza maana yake, na bomba la mtaa linamwaga maji pale nje tangu Ijumaa, kila mmoja wenu anasema si la kwao. Haya, kaeni. Vuai, toa mguu wako kwenye ungo wangu, huo mchele watu watakula. Methali hii ilianza hivi.

Zamani mji wetu huu wa Mwambale ulikuwa na mnara. Mnara wa mawe ya matumbawe, mrefu kuipita minazi, na ndio uliokuwa kitu cha kwanza kuonekana na mgeni anayekuja kisiwani. Haukuwa na mlango, haukuwa na dirisha, wala haukuchongwa herufi hata moja. Nani aliujenga? Hakuna aliyejua. Aliujenga wa nini? Hakuna aliyejua. Mtadhani basi watu wa Mwambale walinyamaza, maana asiyejua hunyamaza. Thubutu! Hakuna jambo walilolisema zaidi ya hilo.

Mji ulikuwa na mitaa miwili. Upande wa jua linapochomoza palikuwa Juani, na upande wa pili, ambako mnara ulitupa kivuli chake asubuhi, palikuwa Kivulini. Watu wa Juani walisema mnara ulijengwa na babu yao. Watu wa Kivulini walisema ulijengwa na babu yao wao, na huyo wa Juani alikuwa akiwachotea mafundi maji. Wakanuniana kizazi baada ya kizazi, wasiozane, wasizikane, kwa ajili ya babu ambaye hata jina lake hawalijui! Mimi nikikumbuka mambo haya kichwa kinaniuma.

Sasa sikilizeni upuuzi wenyewe. Kila mwaka kabla ya Maulidi mnara ulipakwa chokaa. Juani walipaka nusu yao na Kivulini nusu yao. Lakini kila mtaa ulikomea kabla ya kufika mpakani, kwa sababu tone likiangukia upande wa pili watu wangesema umewafanyia wenzako kazi bure, na aibu hiyo ungezikwa nayo. Kwa hiyo katikati pakabaki ukanda wa mawe matupu, kutoka juu mpaka chini, haujaguswa na chokaa tangu enzi na enzi. Mvua ikapata pa kuingilia. Ndege wakadondosha mbegu za mtini, mizizi ikajipenyeza kati ya mawe. Ukatokea ufa, kwanza mwembamba kama uzi, baadaye ukawa wa kuingiza mkono.

Chini ya ufa huo palikuwa na nyumba ya mjane mmoja, Bi Mize, naye ndiye aliyemzaa bibi yangu Kazija. Mwaka huo Kazija alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, akapata mtoto wa kike. Mnaijua ada yetu, mzazi hatoki nje mpaka atimize arobaini. Basi Kazija na kichanga chake wamelala ndani, na juu ya paa mawe yanadondoka, leo dogo, kesho kubwa zaidi. Siku moja likatoboa makuti, likaangukia kando ya mto wa mtoto.

Bi Mize akajitanda kanga yake akaenda kwa Mzee Shaali, mkubwa wa Juani. Akaambiwa aende Kivulini. Akaenda kwa Mzee Kombo, mkubwa wa Kivulini. Akaambiwa aende Juani. Alipochoka kupigwa danadana akawangoja wote wawili nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya watu.

"Waungwana," akasema, "mnara huu ni wa nani?"

"Wetu!" wakajibu wote kwa pamoja.

"Alhamdulillahi, nimewapata wenyewe. Na ufa ni wa nani?"

Mzee Shaali akakohoa. "Ufa, Bi Mize, ukiutazama vizuri, umeelekea Kivulini."

"Umeelekea wapi?" Mzee Kombo akaruka. "Mawe hupasuliwa na jua, na jua linapiga kwenu!"

"Mjukuu wangu amelala chini yake, jamani!"

"Pole sana, bibi wee," akasema Mzee Kombo. "Lakini tukiuziba sisi, kesho hawa watatangaza kwamba babu yetu alijenga kitu kibovu."

Bi Mize akawatazama, mmoja mmoja. "Basi nimefahamu," akasema. "Mnara una wenyewe, ufa hauna."

Akaenda akakoroga chokaa mwenyewe, akaazima ngazi, akapanda. Hapo vijana wa Juani wakaja mbio, na wa Kivulini nao wakaja mbio: "Mama, unapaka upande wa nani?" Watu ambao hawakuwahi kubeba hata jeneza pamoja, siku hiyo walishirikiana vizuri sana kumteremsha mwanamke mjane na kumwaga chokaa yake. Ndio hao waungwana wetu!

Kesho yake asubuhi wingu likatanda. Bi Mize akamwambia Kazija, "Inuka, mwanangu, tunatoka." Kazija akalia, kwa kuwa arobaini haijatimia na watu watasema. "Waache waseme," mama yake akamjibu. Wakapita njiani, mzazi na kichanga, na wanawake madirishani wakashika midomo. Astaghafiru, Bi Mize amekosa haya!

Mvua ikanyesha mchana kutwa, na kabla ya magharibi mnara ukaanguka. Ukaanguka wote juu ya nyumba ile, hapakubaki hata mlango. Mji mzima ukatoka. Na mnajua walikimbilia nini? Walikimbilia kuchungulia ndani ya mnara! Labda mna dhahabu, labda mna jina la babu. Mlikuwa na mawe matupu. Hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyeuliza kama chini ya mawe yale kuna mtu. Bi Mize alikuwa amesimama nyuma yao na mtoto ndani ya kanga, akiwasikiliza.

Akawaomba waondoe kifusi. Juani wakasema ni cha Kivulini, Kivulini wakasema ni cha Juani. Hakuomba tena. Akatafuta fundi, yeye na Kazija wakamsogezea mawe, nyumba ikaanza kuinuka, nyumba ya mawe sasa. Kuta zilipofika madirishani, wazee wawili hao wakaja. Safari hii walikuja pamoja. "Bi Mize, hayo ni mawe ya babu zetu."

"Chukueni," akasema. "Lakini mwenye ufa na atangulie, aijenge nyumba aliyoniangushia. Ni nani?"

Wakageuka, wakaenda zao, na hawakurudi.

Vuai, ukuta huo unaouegemea ndio wenyewe. Pitisha kidole kwenye jiwe hilo. Nusu lina chokaa ya kale, nusu halijawahi kupakwa. Na mtoto yule wa ndani ya kanga ndiye mama yangu mzazi. Angelala ndani siku ile, leo msingekuwa na bibi wa kumsumbua.

Unasemaje, Zuwena? Sasa mnara ulijengwa wa nini? Ya Rabi toba! Mimi nakwambia kulikuwa na mtoto chini yake, nawe unaniuliza mnara ulijengwa wa nini! Wewe ungekuwa wa kwanza kuchungulia.

Inukeni. Kipande cha mpira kiko nyuma ya mlango, mkalifunge lile bomba. Wote. Na atakayeniambia si la kwao asirudi hapa kutafuta wali. Maji yake mnayanywa nyote, kuvuja kwake hakuna anayekujua. Mnara una wenyewe, ufa hauna.