Mama Kindi, Nyati na Chungu cha Mafuta ya Mti

Paukwa!
Pakawa!
Moto upo?
Upo!
Na kuni?
Zipo!
Na mlafi je?
Hakosekani!
Haya, sogeeni.

Hapo zamani, kwenye vilima vya misonobari, aliishi Mama Kindi na watoto wake wanne. Alikuwa mdogo, lakini alikuwa fundi. Kila siku aliokota matawi makavu yaliyodondoka, akayajaza kwenye chungu, akakifunika, akaziba kwa udongo, akachomeka mwanzi pembeni, akawasha moto chini. Chungu kikaunguruma, guru guru guru. Moshi ukapita kwenye mwanzi, mwanzi ukamwagiwa maji upoe, na kule mwisho vikadondoka vitu, to, to, to. Kwanza maji machungu ya moshi: ukijipaka, kupe wanakimbia. Kisha mafuta meusi mazito: ukitia utambi, taa inawaka. Wanyama walikuja na vibuyu vyao, wakapata.

Siku moja akaja Nyati.

"Hodi, Mama Kindi."

"Karibu, Bwana Nyati."

"Nipake hiyo dawa ya kupe."

Akapakwa. Kupe wakadondoka, pu, pu, pu. Nyati akafumba macho kwa raha. Alipoyafumbua, tamaa ilikwisha kumwingia.

"Chungu hiki changu. Mafuta haya yangu. Msitu huu wangu. Nitaiangusha miti yote, niipike yote."

"Watoto wangu wako juu ya miti hiyo, bwana."

"Washushe."

Mama Kindi akatupa jicho juu, kwa watoto wake. Sauti yake ikabaki palepale. "Sawa, bwana. Anza na ule wa pembeni, uone mwenyewe."

Nyati akaupiga kichwa, gudu! Mti ukaanguka. Akauvunjavunja, akaujaza chunguni mbichi hivyohivyo, moto ukawaka. Kule mwisho wa mwanzi, to, to, to. Nyati akajipaka: kupe hawakushtuka. Akatia taani: tsss, taa ikazimika. Mti mbichi huanza kwa kutoa maji. Mama Kindi alilijua hilo, akanyamaza nalo.

"Mbona maji?" Nyati akafoka.

"Hayo ni machozi, bwana. Mti haukujui. Mti humpa mafuta yule aliyeupanda."

"Nitaupandaje mimi?"

"Kwato yako, samadi yako, mbegu yangu."

Wakaenda kwenye kilima kilichokuwa kitupu. Nyati akakanyaga, kwata! Shimo. Akajisaidia, pwaa! Samadi. Mama Kindi akadondosha mbegu, to! Kwata, pwaa, to. Kwata, pwaa, to. Masika yote, mpaka kilima kikajaa.

Miche ikaota. Swala akaja kuonja, Nyati akamfukuza. Nguruwe akaja kufukua, Nyati akamfukuza. Na kila asubuhi alimwuliza Mama Kindi:

"Bado?"

"Bado, bwana. Ndiyo kwanza inakuzoea."

Dawa ya kupe Mama Kindi aliendelea kumpaka, asije akakata tamaa.

Miaka kumi na mitano ikapita hivyo. Nyati akazeeka, pembe zikachakaa. Matawi ya chini ya misonobari yake yakakauka, yakadondoka. Mama Kindi akayaokota, akayapika, akampelekea kibuyu. Nyati akatia utambi. Taa ikawaka. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Umeona? Sasa inanijua."

"Inakujua, bwana."

"Kwa hiyo sasa niiangushe, niipike yote?"

"Ni yako. Angusha."

Nyati akausogelea mti wa kwanza aliouotesha. Akauwekea paji la uso. Lakini Nyati hakusukuma. Alijikuna tu kwenye gome, taratibu, huku na huku.

"Wiki ijayo," akasema.

Na wiki iliyofuata akasema hivyohivyo, na iliyofuata, mpaka siku alipokufa. Msitu ule upo mpaka leo, umejaa kindi.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Palipo tamu mle, palipo chungu mnirudishie. Na funzo lake ni hili, wanangu, mlishike sana: msidanganye. Uongo haujawahi kumsaidia mtu, labda kindi.