Ulimi wa Mzee Hamdamu na Chai ya Mjane

Inasimuliwa, na ukweli wake wote uko kwa Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji mmoja wa nchi za Bukhara, pale misafara ya ngamia ilipokuwa ikipumzika kabla ya kuingia jangwani, aliishi mja mwema aitwaye Hamdamu. Kazi yake ilikuwa kuonja chai. Msiidharau kazi hiyo, ndugu zangu. Watu wa mji ule walikunywa chai kutushinda sisi, na sisi tunajijua.

Kila kabila lilikuwa na chai yake. Wenyeji walikunywa ya kijani, bila sukari wala maziwa, katika vibakuli visivyo na mkono. Mwenye nyumba humiminia mgeni wake kidogo tu, apate kumwongezea mara kwa mara; ukijaziwa bakuli hadi ukingoni, ujue umeambiwa uende zako. Wafugaji wa nyikani walichemsha chai iliyoshindiliwa ikawa kama tofali, wakatia maziwa, chumvi na siagi, na ole wako uiite supu mbele yao. Waajemi walipenda nyeusi, wakabana bonge la sukari menoni na kuipitisha chai humo humo. Tungewapelekea hii yetu ya tangawizi na mdalasini, nadhani wangetuuliza nani anaumwa.

Mzee Hamdamu alizijua zote. Nazo zilihitaji mjuzi, kwa sababu walikuwapo wachuuzi wasiomcha Mungu waliokusanya majani yaliyokwisha kunywewa, wakayakausha juani, wakayatia rangi na kuyauza upya. Ndiyo maana hakuna chai iliyouzwa sokoni kabla hajaionja. Alisema Bismillahi, akafumba macho, akavuta funda moja. Akisema "Safi," watu walinunua. Akisema "Imekwisha kunywewa," ilichomwa moto pale pale, na mchuuzi wake akafukuzwa asirudi tena. Kwa miaka thelathini hakuna aliyembishia, na kwa ajili ya ulimi ule watu wa soko walimlisha yeye na mkewe.

Mwaka mmoja, mwezi wa Rajabu, homa kali ilimlaza siku kumi na mbili. Alipoinuka, mkewe, Bibi Nigora, alimletea chai.

"Leo umesahau majani, Bibi Nigora?"

"Majani yamo, Bwana. Tena nimeyazidisha, maana najua umeikosa."

Akanywa tena. Maji ya moto. Akaomba kitunguu, akakitafuna kama mtu anayetafuna karatasi. Akaramba chumvi. Mkewe alielewa kabla hajaambiwa, akakaa kando yake.

"Ulimi utarudi, inshallah," alisema Mzee Hamdamu. "Tusubiri, na tusimwambie mtu."

Kusubiri ni ibada. Ila ukweli ni kwamba mzee wetu alisubiri na kuficha kwa pamoja, na hapo ndipo mtihani ulipomwingilia. Msafara ukaja, akaitwa. Akafumba macho kama desturi yake, akameza maji ya moto, akachungulia rangi, akasema "Safi." Watu wakanunua wakaenda. Tangu siku ile swala yake ilikuwa nzito, na kila alipotaja jina la Mola wake alijionea haya.

Wiki mbili baadaye akaja sokoni mjane kutoka milimani, Bibi Mastura, na magunia sita ya chai. Mumewe alifia safarini akiyaleta, naye hakuwa na kitu kingine cha kuwalishia mayatima wake. Mfanyabiashara mmoja, Qurbani, mtu mkali lakini si mwongo, aliyafikicha majani yale kiganjani akakunja uso.

"Haya yamekwisha kunywewa," alisema. "Tazameni yalivyosinyaa."

"Wallahi, hayajagusa maji!" alilia Bibi Mastura. "Yamepigwa na jua la njiani tu."

Msimamizi wa soko akaagiza Mzee Hamdamu aitwe.

Alikuja akijua kinachomngoja. Bakuli likawekwa mbele yake. Akavuta funda, akatafuta pembe zote za ulimi wake, asipate kitu. Alipofumbua macho alimwona mjane amekazana kushika ncha ya ushungi wake, midomo ikimcheza kwa dua. Neno moja tu, "Safi," nalo lilikuwa neno la huruma! Nani angelijua? Mayatima wangekula, na yeye angebaki na heshima yake.

Lakini akajiuliza: kama ni mbovu, wangapi nitakuwa nimewadanganya? Na kama ni safi, je, kutoa ushahidi wa jambo nisilolijua si uongo, hata likitokea kuwa kweli? Akaliweka bakuli chini taratibu.

"Enyi watu," alisema, "mimi sijui."

Watu wakatazamana.

"Tangu homa ya Rajabu ulimi wangu umekufa. Chai na maji kwangu ni mamoja. Na ile niliyowapitishia wiki mbili zilizopita, sikuionja. Niliwadanganya. Nisameheni."

Zogo likalipuka. Qurbani aliruka juu. "Wiki mbili umekula mkate wetu kwa ulimi usio nao?"

"Ndiyo, ndugu yangu," alijibu Mzee Hamdamu.

Msimamizi akauliza, "Sasa chai ya huyu mama ataiamua nani?"

Mzee alikuwa na siri aliyoachiwa na mwalimu aliyemfundisha kuonja, siri asiyomwambia hata mkewe, kwa sababu kila atakayeijua hatamhitaji tena mwonjaji. Kuitoa ni kujifungia mlango wa riziki kwa mkono wake mwenyewe.

"Leteni maji baridi ya kisima," alisema, "na mabakuli mawili meupe. Majani yaliyotiwa rangi huitoa mara moja hata katika maji baridi. Majani mazima hayana haraka, husubiri moto. Tena yakilowa hujikunjua, na yale yaliyokwisha chemshwa hubaki yamelegea na kuchanika."

Akatia chembe za chai ya Bibi Mastura katika bakuli la kwanza. Kisha akasema, "Na mniletee ile niliyoipitisha mimi." Hakuna aliyemwomba alete ushahidi dhidi ya nafsi yake. Aliuomba mwenyewe, akautia katika bakuli la pili.

Maji ya mjane yalibaki meupe, na majani yakaanza kufunguka moja baada ya jingine. Maji ya bakuli la pili yakawa rangi ya tope kabla mtu hajamaliza kusema Subhanallah.

Bibi Mastura alianguka kusujudu pale pale vumbini. Qurbani alimwomba radhi mbele za watu, akawa wa kwanza kununua. Mzee Hamdamu aliondoka kimya, na tangu siku hiyo hakuitwa tena kuonja. Hata watoto wa mji walijua kupima chai kwa bakuli la maji baridi.

Ulimi haukurudi hadi alipokufa. Alikwenda kufuma mazulia pamoja na mkewe, wakaishi kwa kidogo. Lakini wanasema hakuna siku iliyopita asigongewe mlango: mfugaji na chai yake ya siagi, Mwajemi na nyeusi yake, na kila mwaka Bibi Mastura akishuka kutoka milimani. Wote aliwapokea, akanywa hadi tone la mwisho na kusema Alhamdulillahi.

Siku moja Qurbani alimuuliza, "Mzee wangu, unashukuru nini na huonji kitu?"

"Zamani nilipopewa bakuli niliijua chai," alijibu. "Siku hizi namjua aliyeniletea."

Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wetu tumekalia viti kwa elimu iliyokwisha kututoka, na neno "sijui" linatukwama kooni. Yeye alilitamka likamgharimu kazi yake, na mjane akarudi nyumbani na chakula cha wanawe. Ewe Mola wetu, utupe ndimi za kusema kweli, hata zikikosa ladha ya kitu kingine chochote. Amin.