Kisanduku Kinachokaa Tu

Mzigo huwa mwepesi sana ukiwa mgongoni mwa mtu mwingine. Anayetazama hushangaa mbebaji anahemea nini, na hata hutamani kumwongezea kidogo, maana machoni pake lile ni kanda lililojaa usufi tu. Bi Mistari hakuwa mtu mbaya, lakini macho yake yalikuwa na ugonjwa huo, na ilibidi waya uungue ndipo yapone.

Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Jina la Bi Mistari alipewa na mumewe, kwa sababu hata mkate haukati kabla ya kuupima. Chumba chao cha mbele walikigawana: upande wa dirisha ulikuwa wa mume, fundi cherehani, na meza yake ya pasi, upande wa ukuta ulikuwa wa mke na kompyuta yake. Kwa miezi mitatu alikuwa akichora zahanati, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kesho yake saa sita mchana alitakiwa kuionyesha mbele ya kamati. Michoro yote ilikuwa ndani ya kompyuta ile ile, wala hakuwa na nakala nyingine popote. Kutoa nakala ilikuwa kazi ya kesho, na kesho yenyewe haikuwa imefika kwa miezi mitatu.

Wiki mbili nyuma alikuwa amenunua kadi mpya ya picha, ili zahanati ionekane kama imekwisha kujengwa. Muuzaji, fundi wa kompyuta aliyeitwa Taratibu kwa jinsi alivyozungumza, alimwonya mapema.

"Dada, kadi hii inakula umeme kweli kweli. Pawasaplai yako ni ya zamani, ya wati mia tatu tu. Ibadilishe kabisa."

"Pawasaplai si kile kisanduku cha nyuma? Kile kinakaa tu, fundi. Kazi yake kupitisha umeme."

"Haya, dada. Mwenye macho haambiwi tazama."

Bi Mistari akaunga kadi yake kwa kipande cha waya wa kugawia umeme, akajiona mjanja.

Sasa mchana huo kompyuta ilikuwa imejizima mara tatu. Kila alipoiagiza itoe ile picha kubwa ya mwisho, ilijikaza kidogo, kisha pu, kioo cheusi. Bi Mistari akapiga mahesabu kichwani. Akienda kubadilisha pawasaplai, mchana wote umekwenda na maji. Asipobadilisha, huenda ikavumilia. Akaamua itavumilia. Akaiwasha mara ya nne.

"Baba watoto," alisema bila kugeuka, "leo pia uwafuate watoto shuleni. Na chakula."

Mumewe alikuwa amefanya hayo yote kwa wiki mbili, na juu ya hayo alikuwa na sare za shule zilizotakiwa kesho hiyo hiyo.

"Mke wangu, nimebakiza mashati kumi na mawili hayana hata kifungo."

"Si unashona tu? Wewe umekaa, mimi ndiye ninayekimbizana na kamati."

Mume akainama tena kwenye shati lake. Muda si muda akainua pua, akanusa.

"Umesahau pasi yako," mke akasema.

"Pasi nimeizima tangu asubuhi. Hii harufu naijua mimi. Kitambaa hunuka hivi kabla hakijaungua." Akaifuata harufu hadi nyuma ya kompyuta, akaweka kiganja, akakitoa mbio. "Zima!"

"Usiguse! Imebaki kidogo!"

Mume hakubishana. Akachomoa waya ukutani.

"Umenimaliza!" Bi Mistari akalia.

"Ninunie tu. Bora uninunie ukiwa na michoro yako."

Akaibeba kompyuta mwenyewe hadi kwa Taratibu, mtaa wa pili, mke akimfuata nyuma kama mtu aendaye kusikia hukumu. Fundi alifungua ubavu wa mashine. Ule waya wa kugawia ulikuwa umegeuka kahawia, na ncha yake imeyeyuka.

"Kadi peke yake inataka karibu wati mia mbili," Taratibu alisema. "Bado prosesa, bado diski, bado feni. Wote hawa wanamtegemea mpishi mmoja. Ungeendelea kidogo, kisanduku kingekufa pamoja na diski yako yenye michoro."

"Diski imepona?" Bi Mistari aliuliza.

Fundi aliichomoa, akaiunga kwenye mashine yake mwenyewe. Wakangoja. Kioo kikawaka, na katikati yake likatokea neno moja: Zahanati. Bi Mistari akacheka na machozi kwa pamoja. Hakuwa amewahi kufurahi namna ile, hata siku aliyopewa kazi yenyewe.

"Nakala kwanza," fundi akasema, na safari hii Bi Mistari hakuiahirisha hadi kesho. Pawasaplai mpya ilifungwa kwa dakika arobaini. Arobaini tu!

"Lakini kisanduku hiki mbona hakikusema kama kimelemewa?" aliuliza.

"Kilisema, dada. Kilijizima mara tatu. Ulitaka kiseme vipi?"

Bi Mistari akageuka amwambie mumewe jambo, akamkuta amelala ameketi kwenye benchi, mdomo wazi, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Ndipo alipokumbuka kwamba wiki hiyo alikuwa amemkuta hivyo mara mbili, na mara zote mbili alimwamsha amtume.

"Usimwamshe, fundi," alisema polepole. "Mwache apumzike. Watoto nitawafuata mimi."

Jioni ile kompyuta ilitoa picha yake bila kukohoa, na kesho yake kamati iliipokea zahanati kwa makofi. Lakini jioni hiyo hiyo, wakati mashine ikiendelea na kazi, Bi Mistari alikuwa upande wa dirisha, anashona vifungo. Alivipima kwanza kwa rula, kila kimoja. Kufikia shati la tano shingo ilikuwa imekakamaa na vidole vimetobolewa na sindano. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, usingizi umemtoka, anacheka.

"Pole. Umechoka?"

"Sana."

"Umechoka na nini? Si umekaa tu?"

Bi Mistari akacheka mpaka sindano ikamponyoka. Kisha akasogea, akampisha nafasi, wakayamaliza mashati yaliyobaki pamoja. Hakika, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.