Zamu ya Nakijwa

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana hata mimi nilihadithiwa tu, huko milima ya Upare watu waligawana maji kwa zamu. Walikuwa na ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mto, na kila mwenye shamba alifunguliwa maji siku yake.

Ndani ya ndiva aliishi binti wa maji. Nakijwa ndiye peke yake aliyemjua. Mwanamke huyo hakujaliwa mtoto, na kila alfajiri alikaa ukingoni akizungumza na maji. "Mwanangu, umelalaje? Leo napika magimbi." Miaka saba! Watu wakamcheka wee, mpaka wakachoka.

Mwaka wa saba binti akainua kichwa. "Mama, siku ya zamu yako nitashuka na maji mpaka shambani kwako. Ila nikishatoka nitasahau yote, hata sauti yako."

"Sahau tu, mwanangu. Nitakufundisha upya."

Siku ya zamu ikafika. Asubuhi hiyo akaja jirani yake, Sengondo. "Dada Nakijwa, nisaidie. Zamu yangu bado siku kumi, na maharage yangu hayafiki kesho."

Nakijwa akamwonea huruma. Akawaza: nimengoja miaka saba, siku kumi zitanishinda? Wakabadilishana zamu. Lakini hakupita ndivani kumwambia binti. Jamani, Nakijwa!

Binti alikuwa akihesabu siku tu, habari za kubadilishana hakuzijua. Maji yakafunguliwa, akashuka nayo, yakambwaga kwenye tope la Sengondo. Sengondo alipoona kichwa cha mtu, aliziba mfereji papo hapo ili mtu huyo asisombwe bondeni. Maharage yakakosa maji, yakafa yote. Namkunda, mjane aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya mfereji, akaruka, akamtoa tope kinywani, akampulizia pumzi yake, akamkumbatia mpaka akapata joto.

Nakijwa aliposikia kelele akaja mbio, khanga inamdondoka. "Huyu wangu! Nimemwita miaka saba. Alikuja kwa ajili yangu!"

"Dada, zamu ulinipa kwa mdomo wako," akasema Sengondo. "Nami nimepoteza chakula cha mwaka mzima kwa ajili yake. Nina wavulana watano, binti sina. Leo nimempata."

"Bila mimi nyote wawili mngemzika," akasema Namkunda. "Pumzi iliyo kifuani mwake ni yangu. Na mimi pia nyumba yangu ni tupu."

Wote wakamgeukia binti. Nakijwa akapiga magoti mbele yake, mikono wazi.

Binti akamtazama, akatabasamu kwa adabu.

"Shikamoo," akasema. "Wewe ni mama wa nani?"

Haya, nijibuni nyinyi. Kati ya aliyemwita, aliyeacha maharage yake yafe, na aliyempa pumzi, je, nani alistahili kwenda na binti yule nyumbani?