Jiwe la Mbweru Lina Nafasi ya Jina Moja

Hapo zamani, nayo si zamani ya mbali, maana waliokuwepo bado wanatafuna miwa kwa meno yao wenyewe, kijiji cha Mbweru huko milimani Upare kilikuwa kikiuguliwa na watoto. Kila masika, kuhara. Dawa zikija, watoto wanapona. Masika yakirudi, kuhara nako kunarudi.

Mwalimu Mchome akawaita watu uwanjani. Wakachora kijiji chao kwa majivu, njia zote, nyumba zote. Kila mwenye mtoto mgonjwa akaweka harage pale nyumba yake ilipo. Lo! Maharage yakajipanga kando ya mfereji mmoja tu. Lakini huko juu, mfereji ule unakotokea, hapakuchorwa kitu.

"Huko juu kuna nini?" Mwalimu akauliza. Wanaume hawakujua. Wanawake wakatazama vidole vya miguu yao.

Namsifu, mhudumu wa afya, akachukua ndoo. Siku saba akatembea na wanawake kuteka maji, akiuliza kidogo, akisikiliza sana. Siku ya saba wakamwonyesha kijia nyuma ya migomba. Huko ndiko walikofulia nguo za uzazi, zenye damu na uchafu wa vichanga, kwa kuwa Mbweru nguo hizo hazionwi na mwanamume.

"Uape hutasema," wakamwambia. Akaapa. Roho ilimuuma, masika yalikuwa yakibisha hodi. Kila siku akawarudia: "Basi semeni wenyewe, dada zangu."

Mkutano uliofuata akasimama Nakijwa, mmoja wa wanawake wale, kichanga mgongoni, baba mkwe wake amekaa mbele. "Jamani, tunafulia huko juu. Maji yanashuka mferejini, watoto wetu wanayanywa." Baba mkwe akanyanyuka akaondoka. Mwezi mzima hakuitikia salamu ya Nakijwa.

Kikajengwa chumba cha kufulia, chenye ukuta, mbali na mfereji. Masika yakaja, yakapita, hakuhara mtoto hata mmoja! Mbweru ikatembea kifua mbele, ikataka jina moja, la aliyewaokoa watoto, lichongwe kwenye jiwe la mlango wa chumba kile.

"Bila maharage yangu mngeanzia wapi?" akasema Mwalimu.

"Aibu niliibeba peke yangu," akasema Nakijwa.

Namsifu naye alijivuna, wala hakuficha. "Kijia nilionyeshwa mimi. Na ningefungua mdomo nikavunja kiapo, nani angeniamini tena? Wewe Nakijwa ungesimama kwa nguvu gani?"

Fundi kashika patasi, anangoja. Haya, ninyi mnaonisikiliza: je, achonge jina la nani?