Mtu Aliyejipangia Wapigaji Wasiokosea

Mtu mmoja alikuwa na kundi dogo la wapiga muziki katika usharika wa mlimani. Jina lake Elisaria, na wapigaji wake walimwita Mwalimu. Watu wake walikuwa wakulima na wafugaji, kila mmoja na chombo chake. Ndekirwa alipuliza tromboni, naye alichelewa mazoezini kwa sababu alikamua ng'ombe kwanza. Mjane mmoja, Mama Nkunde, alipiga vayolini. Tangu alipougua, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukitetemeka, na noti zake ndefu zilitetemeka pamoja nao. Elisaria alikuwa na sikio kali. Alisikia kila kosa, na kila kosa lilimuuma.

Ilipokaribia sikukuu ya mavuno walikuwa wakijifunza wimbo alioutunga mwenyewe. Walipofika mahali vayolini inapobaki peke yake, sauti ikatetemeka. Wakarudia, ikatetemeka tena. Elisaria akamwambia Mama Nkunde mbele ya wote kwamba ni afadhali chombo kile kikae kimya kuliko kupigwa namna hiyo. Mama aliiweka vayolini ndani ya sanduku lake, akawaaga wenzake, akatoka. Wengine nao wakaacha kuja, mmoja leo, mwingine kesho. Elisaria hakumfuata hata mmoja. Alijiambia kwamba sasa atafanya kazi kwa amani.

Nyumbani alikuwa na kompyuta yenye programu ya kutengenezea muziki. Akajipatia maktaba ya sauti za okestra. Wapigaji hodari wa nchi za mbali walikuwa wamerekodiwa noti baada ya noti, kwa nguvu na kwa upole, kwa kuvuta upinde na kwa kudonoa nyuzi, ili mtu mwingine aziite zote kwa kidole kimoja. Sauti zilikuwa nyingi mno, diski yake ikajaa, akatafuta nyingine. Programu haikuziona, akaielekeza zilipo, folda moja baada ya nyingine. Kisha akawapanga. Vayolini aliziweka kushoto, besi kulia, filimbi katikati, tarumbeta nyuma. Kila chombo akakipa mstari wake kwenye kioo cha kompyuta. Akatia na mwangwi wa ukumbi mkubwa, ingawa chumba chake kilitosha kitanda na meza tu.

Wakaanza pamoja, wakamaliza pamoja. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyechelewa. Lakini wimbo haukuwa na uhai, na Elisaria hakujua kwa nini. Akasoma maelekezo. Yalisema kwamba sauti zilizonyooka kupita kiasi hazifanani na watu, na kwamba kiko kitufe cha kumfanya kila mpigaji achelewe kidogo na kuyumba kidogo. Akakizungusha. Tromboni ikachelewa. Vayolini ikatetemeka, na wimbo ukaanza kuishi. Elisaria akaondoa mkono kwenye kipanya. Mtetemo ule aliujua.

Alitaka kuisafisha ile vayolini moja, akazima vyombo vingine vyote na kuongeza sauti. Ndipo akasikia kitu kabla ya noti. Kiti kililia, na mtu akavuta pumzi. Mtu asiyemjua jina wala sura, katika mji asioujua, alikuwa akijiandaa kupiga. Elisaria akarudisha nyuma, akasikiliza pumzi ile. Akarudisha tena. Tangu mkewe afariki, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amepumua ndani ya chumba kile.

Siku ya mavuno wimbo ulitoka kwenye spika, na watu wakasema ni mzuri. Baada ya ibada, miaka mingine, wapigaji walikuwa wakikaa pamoja nyuma ya kanisa wakila na kubishana nani aliharibu. Safari hii hakuna aliyeharibu. Elisaria aliletewa sahani ya ndizi na maharage, akaila amesimama, kisha akakunja nyaya zake peke yake.

Ndipo alipokwenda kwa Mama Nkunde. Alimkuta anamenya ndizi. Mama akampa kigoda. Elisaria akasema kwamba wimbo umepungukiwa, kwamba amesikiliza vayolini nyingi na hakupata sauti kama yake, kwamba arudi. Mama akaweka kisu chini.

"Mwalimu, uliyoikumbuka ni sauti yangu. Mimi mwenyewe hujanikumbuka bado."

Elisaria akauliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza, kwamba mkono ule ulipatwa na nini. Mama akamweleza. Akamweleza ugonjwa, na watoto wanaoishi mbali, na jinsi mazoezi yalivyokuwa siku pekee ya juma ambayo mtu alimwita kwa jina. Elisaria akachukua kisu kingine, akamenya naye mpaka sufuria ikajaa. Alipoondoka hakutaja vayolini. Juma lililofuata akaja tena.

Alikwenda na kwa Ndekirwa pia, akamshikia kamba ya ndama wakati akikamua. Ndekirwa alimshukuru, lakini hakurudi. Tromboni alikwisha kumpa mtu mwingine, na moyo wake ulikwisha kuhama. Wengine walikuwa wameondoka mlimani. Elisaria aliviacha viti vyao mahali pake, na mpaka leo vingine havina watu.

Lakini Jumapili moja, Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, yalipokaribia, Mama Nkunde aliingia kanisani na sanduku lake. Wapigaji walikuwa wawili tu, yeye na Elisaria aliyekaa kwenye kinanda. Katikati ya wimbo Mama alianza kupiga kabla ya wakati wake. Waliomjua mwalimu yule wakainamisha vichwa, wakingoja asimamishe wimbo. Elisaria hakusimamisha. Aliharakisha vidole, akamfuata, akamkuta pale alipokuwa, wakaendelea pamoja.

Wapendwa, Yeye anayetuita tumsifu angeweza kujiumbia waimbaji wasiokosea hata neno moja. Mnadhani kwa nini angali anatusubiri sisi?