Ubao wa Kisima cha Kipandeni

Hapo zamani, katika mji wa Kipandeni, ilisikika sauti moja usiku: chubwi! Kisha kimya. Asubuhi binti wa Jumbe hakuwepo kitandani, na ndoo yake ilikuwa ikielea kisimani.

Jumbe Makame akakifunika kisima kwa mbao, akatia kufuli. Akakataza jina la mtoto lisitajwe. Akaapa kwamba hatasikiliza kinywa cha mtu yeyote juu ya kisima hicho. Mwenye ombi na aandike.

Desturi ya Kipandeni ilikuwa hivi: ombi huandikwa ubaoni kwa wino wa masizi. Jumbe akilikubali, huyaosha maandishi kwa maji, akayanywa. Akilikataa, ubao hurudi mkavu.

Watu wakaandika sifa za Jumbe. Ubao ukarudi mkavu. Wakaandika vilio. Ubao ukarudi mkavu. Wakaandika matusi, kwa herufi nzuri sana. Ubao ukarudi mkavu. Na mji ukawa unafifia taratibu, kama ndoto mtu anapoamka, watu wakihama, kwani mto ulikuwa mbali, tena una mamba.

Bibi Mboni, aliyeishi na wajukuu watatu, akashindwa kutembea hadi mtoni. "Nihamisheni," akasema, "au nileteeni maji ya kisima chetu."

"Huhami, bibi," wakamjibu. Wakachukua ubao.

Fumo, mkubwa wao, akaandika mstari mmoja: Tunaomba kisima kifunguliwe.

"Basi?" dada yake Kidawa akamcheka. "Umeandika kama wino ni damu yako!"

"Wenzetu walizungusha maneno mpaka Jumbe hakujua wanataka nini. Sasa anajua."

Kidawa akauzunguka mji, akafika hadi mtoni, akarudi na kuandika alichokiona: Mlango wa Bwana Shoka umefungwa kwa kamba, amehama. Mlango wa Bi Tatu umefungwa kwa kamba, amehama. Mwana Esha hana mkono; ulichukuliwa na mamba. Kufunga kisima hakukuzuia kifo cha majini. Kumekihamishia mtoni.

Mwanasha, mdogo wao, akasoma na kutikisa kichwa. "Jumbe atauliza: na kisima kikimchukua mwingine?" Akaandika: Unaogopa, nasi tunaogopa. Tutajenga ukingo unaofika kifuani mwa mtu mzima. Mtoto hatateka maji peke yake. Na ukingo huo tutauita kwa jina la...

Hapo akaacha nafasi tupu.

"Hujamaliza," Fumo akasema.

"Si langu kumaliza, kaka."

Wakaupeleka asubuhi, katika ukungu mzito, mji mzima kama umechorwa kwa maziwa. Wakangoja. Mlango ukafunguka. Jumbe akatoka na ubao, akaomba maji. Wakamletea maji ya mto, akayakataa. Akaenda mwenyewe kisimani, akafungua kufuli, akateka.

"Ufunguo huu atautunza mtu mmoja tu, mwandishi wa ombi hili, yeye na kizazi chake," akasema. "Nani ameandika?"

"Mimi," akasema Fumo. "Bila mstari wangu usingejua ufungue nini."

"Mimi," akasema Kidawa. "Kuomba hata kasuku anaomba. Bila macho yangu usingeamini."

"Mimi," akasema Mwanasha. "Ungeamini, bado ungeogopa. Mimi ndiye niliyejibu swali lako kabla hujaliuliza."

"Wewe umemliza tu mtu mzima!" Kidawa akamrushia maneno.

"Na wewe umemtisha!"

Jumbe akaumiminia ubao maji juu ya bakuli. Wino ukateremka bakulini, mstari wa Fumo, milango ya Kidawa, ukingo wa Mwanasha, vyote rangi moja. Akanywa. Kidole chake kikabaki penye ile nafasi tupu. Kisha akainamia kisima.

"Zawena," akasema.

Jina likashuka chini, likagusa maji, likarudi.

Ufunguo bado uko mkononi mwake, na ndugu watatu wamenyoosha mikono. Ninyi mnaonisikiliza, je, nani alistahili?